Timu Yetu Ilifungwa 81 kwa 26 Kule Walikale, na Sababu Ninaijua Mimi

Admin, nifichie jina langu tafadhali, maana watu wa huku wanausoma sana ukurasa huu. Nina miaka thelathini na moja, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi kwenye milima ya Masisi upande wa Nyabiondo. Sisi ni watu wa ng'ombe, kazi yangu ni kuuza maziwa. Ni wiki sasa sijapata usingizi wa maana. Mbwa akibweka tu, naamka kuchungulia mlangoni.

Mimi ni mgonjwa wa baskete, mpira wa kikapu. Chuo sikusoma, lakini timu ya wavulana ya chuo chetu ni yangu, nawajua wote kwa namba za migongoni. Mume wangu hunitania kwamba ningeolewa na mpira tu tukapumzika. Kwa hiyo walipoalikwa Walikale, nami nilipanda pikipiki na mashabiki wenzangu, nyuma nimefunga bidoni, dumu la njano lenye maziwa ya mgando, zawadi yangu kwa wachezaji. Mpishi wa timu alikuwa mjane mmoja, mkulima wa maharagwe. Nitamwita Mama Riziki, ingawa si jina lake. Njia ilikuwa matope matupu, tulifika tumechoka hoi.

Asubuhi ya mechi Mama Riziki aliwapakulia vijana maharagwe, akaonja kwanza mbele yao. Ndiyo desturi yetu huku. Anayekupa chakula au kinywaji anaonja yeye kwanza, uone kwa macho yako kwamba hamna sumu. Zamu yangu ikafika. Kapteni akashika kikombe, akaniangalia.

"Mama, ulisha onja?"

Sikuwa nimeonja. Nilikuwa kwenye mfungo, siku ya tatu, namwomba Mungu atupe ushindi wa siku hiyo. Na kanisani tumefundishwa kwamba anayefunga hajitangazi. Basi nikacheka, nikamjibu, "Nilionja tangu nyumbani. Mukunywe, mupate nguvu."

Mmoja akasema, "Iko na harufu kidogo, Mama."

"Iko moshi tu," nikamwambia, kwa sababu vibuyu tunavyogandishia maziwa tunavifukiza. Nikaongeza sukari. Wakanywa wote.

Robo ya kwanza tulikuwa nyuma kwa pointi nne tu, nikapiga kelele mpaka koo likakauka. Robo ya pili vijana wetu wakaanza kucheza kama watu walioamshwa usingizini. Mpira unawapita mbele ya uso, hata mkono hawanyooshi. Namba saba, ambaye hakosi mpira wa adhabu, alirusha ukaanguka bila kugusa hata chuma, halafu akasogea pembeni akatapika. Mwingine akakaa chini katikati ya uwanja. Wenyeji mwanzoni walitucheka, baadaye wakaacha, na yule wa kuandika matokeo kwa chaki akawa anaandika polepole kama mtu anayeona haya. 81 kwa 26. Nimewahi kuona tukifungwa, shabiki huzoea. Ila siku ile pointi sikuzihesabu, niliogopa watoto wa watu watakufa. Mungu alisaidia, walitibiwa kule kule na wote wamepona.

Niliporudi nyumbani mume wangu akaniuliza, "Mama, ile bidoni ya njano ulipeleka wapi? Njo ile nilikorogea dawa ya kupe ya kuogesha ng'ombe."

Ndugu zangu, Bidoni niliikuta nyuma ya nyumba iko tupu, nikaisuuza mara moja tu kwa haraka ya safari. Sisi tuliolelewa na maziwa tunaujua moshi na tunaijua dawa. Ningetia ulimi tu, ningemwaga yote. Nikamjibu mume wangu kwamba imepotea njiani. Uongo wa pili huo.

Sasa kila mahali wanasema timu ilipewa sumu. Maziwa yangu hayatajwi, kwa sababu kapteni mwenyewe ameapa kwamba mimi nilionja. Wa kushukiwa amebaki Mama Riziki. Ukiwaambia kwamba yeye alionja mbele ya watu wote, wanakujibu kwamba alikuwa amekunywa dawa ya kujikinga. Kamati ya mashabiki imeita mkutano Jumapili baada ya ibada. Niliwahi kuona nyumba ya mama mmoja aliyesemwa hivyo ikichomwa moto. Alikimbilia Mweso na hajarudi mpaka leo.

Na nikisema ukweli, hawatasema kwamba mwanamke fulani hakuosha bidoni vizuri. Watasema watu wa ng'ombe waliwatilia watoto wa wakulima sumu. Hapo mume wangu yumo, watoto wangu wamo, na majirani zetu wenye ng'ombe ambao hata hawajui baskete inachezwaje. Naogopa. Maziwa yakifoka jikoni nashtuka. Nikiona watu watatu wamesimama pamoja nabadilisha njia.

Jana Mama Riziki alikuja kwangu. Amekonda. Aliketi mlangoni akasema, "Dada, weye njo utanisemea siku ya Mungu, kwa mkutano. Batu banakuaminia. Miye sina bwana, sina kaka, niko na weye tu."

Nilisema, "Tutaomba, Mama."

Alikuwa amewaletea watoto wangu sahani ya maharagwe. Kabla hajaniwekea mkononi alichota kijiko, akala huku ananitazama, akameza. "Ona, nimeonja," akasema. Nikaipokea, tukala pamoja.

Mkutano ni keshokutwa. Nyinyi mlio mbali na moto huu, nishaurini kwa upole. Nifungue mdomo waje kwangu wanapolala watoto wangu, au ninyamaze waende kwa yule ambaye alionja?