Sufi Yatoka Sebuleni

Mtaani walimwita Mama Mito, kwani kwa miaka kumi na miwili alishona mito na kuijaza sufi pale pale sebuleni. Bintiye wa miaka saba alilala humo humo. Pumu ilipombana mtoto, kifua kikaanza kupiga miluzi, mama alimkimbiza zahanati, akarudi naye, akaendelea kushona.

Siku moja muuguzi alimtazama kichwani. "Mama, hizo nyeupe kwenye nywele ni nini?"

"Sufi. Ndiyo kazi yangu."

"Na mtoto analala wapi?"

Mama Mito alijipangusa nywele, akamshika bintiye mkono wakaondoka. Njia nzima moyo ulimuuma, lakini alipofika nyumbani hakukaa kulia. Alikunja mikono ya gauni, akaanza kuburuta cherehani, magunia na hata zulia kuelekea banda la nyuma, ambako mumewe alirundika vyuma chakavu.

"Sasa vyuma vyangu niviweke wapi?" mume akalalamika.

"Popote, mume wangu. Vyuma havina mapafu."

Mume akacheka, akashika upande wa pili wa meza ya cherehani.

Tangu hapo Mama Mito alibadilisha nguo bandani kabla ya kuingia ndani, na kila asubuhi alipangusa sakafu kwa kitambaa kibichi. Pumu haikuisha, dawa ya kuvuta bado imo kwenye begi la shule. Ila miezi mitatu ilipita bila kukimbilia zahanati, na binti akaomba kuingia kwenye mbio za shule.

"Kakimbie, mwanangu," mama alisema. "Dawa usiisahau."