Kofia Yangu Imebaki Goweko

Binti yangu Mwanahawa aliposwa na bwana shamba wa Goweko, huko Uyui. Alipotaka kututajia kabila la kijana, kaka yangu Shomari alimkatisha: wa bara ni wa bara. Ukoo wetu wa Kisarawe ukanituma nikawaone hao watu, yaani nikatafute kasoro ya kukatalia.

Kwenye treni, jirani yangu aliniusia nichunge mabegi tukikaribia Tabora, watu wa kule si wazuri. Nikamuuliza ameibiwa mara ngapi. Kumbe hajawahi hata kushuka pale, yeye huunganisha hadi Kigoma.

Goweko tuliipita mchana kweupe, nikaitazama dirishani. Mtu hawezi kuwaendea washamba moja kwa moja, sharti kwanza apate ushauri wa waungwana mjini.

Tabora nilifikia kwa Bwana Hilali, mshona kanzu, ambaye mababu zake walifika na misafara, naye hachoki kutukumbusha. Alinilisha pilau safi, Mungu amlipe, kisha akanionya kwamba watu wa vijijini hawana adabu. Huko vijijini hajafika, anahofia vumbi.

Asubuhi nilipanda hiace hadi Goweko, nikakuta adabu ya kutisha. Mama wa kijana alinipigia goti, nikakalishwa peke yangu kitini, nikaletewa kuku kwenye sahani ya peke yangu, na nyumba nzima ikaninyamazia. Walikuwa wameonywa kuwa watu wa Dar ni matapeli. Aliyewaonya hajafika Dar, bila shaka. Nikawa nimepata kasoro yangu: wanajidai, hawachanganyiki na watu.

Ndipo shangazi wa kijana, Bi Nyamizi, akaniuliza kabila langu. Nikamwambia Mzaramo.

Aliinuka, akanivua kofia. "Mzaramo, nanyi mmempa kiti? Fungieni kuku, huyu mtani wetu ataondoka nao. Sisi Wanyamwezi tulibeba pembe mpaka pwani, wenzetu hawa wakitusubiri kwa kulala."

Nikamjibu kwamba babu yangu alilala kwa sababu wapagazi wake walichelewa. Wakacheka mpaka machozi. Mtani akikutukana hukasiriki, ukikasirika umevunja mila ya mababu. Nilishushwa mkekani, tukala sinia moja, na Bi Nyamizi akaikalia kofia yangu. Nitaipata siku nitakayomleta bibi harusi. Nilifurahi, na niliona aibu pia, maana watu walikuwa wale wale na kuku yule yule.

Nilirudi Kisarawe kichwa wazi. Shomari akauliza kasoro, nikamwambia ni Wanyamwezi.

"Kumbe watani," akasema. "Mbona hukusema mapema? Sisi tulidhani ni watu wa mbali."

Posa ikakubaliwa kabla chai haijapoa. Goweko imekuwa jirani, na reli haijapungua hata taruma moja. Nilitaka kumweleza Shomari hilo, lakini alikwisha kunivuta pembeni ili aninong'oneze nifunge mlango vizuri. Nyumba ya pili wamehamia wageni, na mpaka sasa haijulikani ni watani wa nani.