Goti Lililokataa Kuzikwa

Kanisa letu la Ruiru halina mchungaji, halina kinanda wala ngoma. Tunaimba kwa midomo tu, kwa sauti nne, na ndugu yeyote aliyebatizwa anaweza kusimama akasoma Neno na kulieleza. Nimeabudu Doha kwenye ukumbi wenye spika kubwa kama kabati, na bado nasema waimbaji wetu wangewaaibisha wale wa huko. Mimi husema ukweli, hata ukiwa wa kujisifu.

Nilirudi kutoka Ghuba na diploma ya ufundi wa maji, nikajenga nyumba ya vigae Thika. Hakuna aliyenishika mkono. Lakini kila Jumapili nilipoketi kando ya mama yangu, sahani ya mkate ilinipita. Kwetu mkate na kikombe ni vya waliobatizwa wakiwa watu wazima, kwa kuzamishwa mwili mzima. Maji niliyonyunyiziwa utotoni katika kanisa la baba hayakuhesabiwa. Mama alinyoosha mkono mbele yangu akampa sahani jirani wa upande wa pili, kana kwamba mimi ni mkoba ulioachwa kwenye benchi.

Jumapili moja tukitoka akaniambia, "Kamwana, mtoto wangu, mimi nazeeka. Nataka nikupe hiyo sahani nikiwa bado na nguvu za kuishika."

Nikaamua kubatizwa. Sasa shida ikawa maji. Ndugu walizoea kubatizia kwenye bwawa moja upande wa Kalimoni, ambako mtu huingia na dhambi na kutoka na matope. Nikawaambia wazee wa kanisa kwamba mtu mwenye diploma hazikwi pamoja na Kristo katikati ya ng'ombe wanaokunywa maji. Nikawajengea birika la ubatizo nyuma ya kanisa kwa mikono yangu mwenyewe: vigae vya buluu, ngazi, bomba la kutolea maji, vyote kwa kipimo kilekile cha mabafu niliyofunga katika majumba ya matajiri wa Doha. Halivuji hata tone mpaka leo.

Siku ya kulizindua, niliingia wa kwanza, kama ilivyostahili. Mzee wa kanisa, fundi cherehani mwenye mikono myembamba, akanilaza chali, maana tunaamini ubatizo ni mazishi, na maiti hulazwa. Kichwa kikazama, kifua kikazama. Nikainuka nikingoja wimbo.

"Goti limebaki!" akasema cucu mmoja, bibi kizee aliyesimama ukingoni kabisa. "Nimeliona kwa macho yangu. Limekaa juu ya maji wakati wote."

"Cucu, Mungu huangalia moyo," ndugu mmoja akajaribu kunitetea.

"Wee! Ukizika mtu makaburini Juja uache goti lake nje, utaenda kunywa chai?"

Nikapendekeza nipige magoti nizame wima. Mzee akatikisa kichwa. "Maiti haipigi magoti, ndugu."

Tukarudia. Safari hii wanaume wawili waliinama wakanikandamiza magoti, na kichwa kikaibuka upande wa pili kama chupa tupu.

"Ngai! Sasa huyu amefufuka kabla hajafa," cucu akasema, na hata mzee akacheka.

"Kwani nani alijenga hii kitu?" mtu akauliza nyuma.

"Ni mimi," nikajibu, nikijifuta pua. "Na birika halina kosa. Mimi ndiye nimezidi kipimo. Ghuba tulikula vizuri."

Mzee akasema basi, tutaenda bwawani Jumapili ijayo. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mahali anapoweza kuona meza ya mkate ndani, imefunikwa kitambaa cheupe. Akavua viatu. Akampa cucu mkoba wake, akashuka ngazi na gauni lake la Jumapili.

"Mami, unaenda wapi?"

"Lala."

Nikalala. Akanikalia magotini kwa uzito wake wote, na mama yangu si mwembamba. Mzee akasukuma kifua. Nilizama mpaka masikio yakavuma, na nikiwa bado chini nikasikia wimbo umeanza, sauti zote nne.

Tulipotoka mzee alimtazama mama, amelowa mpaka kifuani. "Na wewe mama, si ni kama tumekubatiza mara ya pili?"

"Hapana. Mimi nimekuja kuzika mtoto wangu tu."

Tukaingia ndani hivyo hivyo, maji yakitutiririka chini ya benchi. Sahani ilipomfikia mama, akavunja kipande chake, kisha akageuka akaniwekea sahani mikononi. Hakuiachilia mpaka nilipoishika vizuri. Nikamega kipande cha kumfaa mwanamume wa kimo changu.

Akanifinya paja. "Kidogo," akaninong'oneza. "Wengine hawajala."

Nikakigawa, nikarudisha nusu, nikampa jirani sahani.