Derrick na Gari Lisilo na Jina

Noreen Tapscott wa Kettering aliolewa na Derrick, mwanamume aliyeweza kulitambua gari kwa taa zake za nyuma tu, ila mkewe akikata nywele hakuona.

Magari aliyoyapenda yalikuwa ya kujiundia. Mtu hununua ganda la faiba kwa fundi wa uchochoroni, akalivika juu ya mabaki ya Ford iliyooza, kisha akajiona ana gari la mashindano. Mafundi wengi walifilisika kabla majina ya magari yao hayajajulikana. Ndiyo maana Derrick na wenzake walikutana baa kila mwezi, Jumapili mchana, wakamwaga mezani picha za magari yasiyojulikana na kubishana hadi nyama ya kuoka ikapoa. Taa zimetoka gari gani? Kioo cha mbele je? Noreen alikaa pembeni na sahani yake. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Sasa dada yake alikuwa amerudi kutoka Skegness, mji wa pwani, na picha ya hoteli aliyofikia siku za Pasaka. Mbele ya mlango palikuwa na gari dogo la njano. Nyuma ya kioo cha mlango ulionekana mgongo wa mwanamume mwenye koti kama la Derrick, na mkono wa mwanamke umetulia juu yake. Pasaka hiyo Derrick alikuwa Leeds akimuuguza kaka yake. Hivyo ndivyo alivyosema.

Noreen alijua akimuuliza ataambiwa makoti ya namna ile yamejaa Uingereza nzima, na kwamba wivu umemzidi. Alikwisha kuambiwa hayo mara nyingi, akaishia kuomba radhi yeye. Safari hii alitaka kujua, asiombe tena. Akachukua mkasi, akaukata mlango kwenye picha, akabakiza gari, na Jumapili akalichomeka katikati ya picha nyingine.

Neville, mwenyekiti wao, aliliokota. Akatamka bila wasiwasi kwamba ni Corvane.

Derrick alicheka. "Neville bwana, wewe hata mama yako angefungwa taa za Ford Cortina ungemwita Corvane. Hiyo ni Harnser."

Neville akasema Harnser hakuna aliyewahi kuiona, ni hadithi za walevi. Wenzake wakaunga mkono. Shingo ya Derrick ikaanza kuwa nyekundu. Akaeleza kioo, akaeleza bawaba za boneti, hawakumsadiki. Noreen akaendelea kukata nyama yake vipande vidogovidogo.

"Mimi nimekaa ndani yake!" Derrick alisema. "Skegness, Pasaka hii, mlangoni pa hoteli. Mwenyewe alinifungulia boneti kwa mkono wake."

Noreen aliweka uma chini.

"Pasaka ulikuwa Leeds, Derrick," alisema taratibu. "Ulikuwa unamlisha kaka yako supu."

Noreen alichukua koti lake kwenye kiti, akalivaa bila haraka, akafunga vifungo vyote. Alipofika mlangoni alimsikia Neville akikohoa, kisha akiuliza kwa sauti ya chini kama mtu aliye msibani:

"Injini yake je, mzee?"

"Ya Ford," Derrick alijibu. "Lakini kabureta ni mbili."