Ubao wa Shomari na Pipa la Chokaa

Enzi zetu pale Fukayosi mtu akicheka alishika mbavu. Vijana wa leo wanatazama simu, wanatoa pumzi puani, basi wamecheka.

Gari la sinema lilikuja mara moja kwa mwaka. Madirisha ya darasa yalizibwa kwa magunia, jasho la watoto humo ndani usiseme. Ukutani akatokea fundi wa Kizungu mwenye masharubu, picha yenyewe haina rangi, kabeba ubao begani. Akiitwa anageuka, ubao unamtia tajiri wake kwenye ndoo ya rangi. Tajiri anainuka, anampaka fundi unga usoni. Kiingereza chao hatukukijua, ila kishindo cha ubao kichwani hakitaki mkalimani.

Nyumbani tukamwuliza bibi mbona wale wa kwenye sinema hawashtakiani.

"Si watani hao," akasema. "Mtani hakasirikiwi."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza, mimi na binamu yangu Shomari. Namtaja jina makusudi. Wiki ile wanafunzi tulikuwa tunapaka chokaa kuta za shule, na mwalimu mkuu mpya alikuwa ametokea Tabora. Shomari akakata shauri.

"Huyu Mnyamwezi, na sisi Wakwere ni watani zake kabisa. Wewe beba ubao, akipita nakuita."

Nikabeba. Akaniita. Nikageuka.

Mwalimu alizama kwenye pipa la chokaa mpaka kwapani. Shule nzima ikaangua kicheko. Mimi, mjinga, nikasimama palepale nikingoja anipake na mimi. Akainuka, akapangusa macho, akasema taratibu, "Mimi Mfipa. Tabora nilikwenda kusomea ualimu tu."

Shomari keshaingia kwenye mihogo.

Baba alikwenda kuomba radhi na jogoo. Jogoo akapokelewa, mimi sikupokelewa. Darasa la tano likawa ndilo la mwisho.

Leo Shomari huyohuyo ni mwalimu kule Zinga. Nikimkumbusha ananijibu, "Binamu, wewe mtani wangu, huruhusiwi kukasirika." Na mila ndivyo inavyosema, nifanyeje.

Mwanangu hunionyesha kwenye simu watu wakianguka, mmoja baada ya mwingine, wala hajui ni wa wapi. Anacheka peke yake, masikio kayaziba, na hakuna anachopoteza. Sisi tulicheka shule nzima kwa pamoja, na shule nikaikosa. Ajabu ni kwamba nikiikumbuka shule, kinachonijia kwanza ni kile kicheko.