Shingo Yangu na Pikapu ya Mama

Swali lililoninyima usingizi juma lile lilikuwa hili: daktari wa bima akinibonyeza shingo, nipige kelele saa ngapi? Nikipiga mapema atajua naigiza. Nikichelewa atajua siumwi. Na je, mtu asiyeumwa akivaa kola ya shingo siku kumi, hawezi kuugua kweli, kama adhabu?

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu. Ilikuwa miaka ya tisini na serikali ilikuwa imeacha kuajiri, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuendesha pikapu ambayo mama aliinunua kwa malipo ya uzeeni ya marehemu baba. Kila asubuhi nilibeba maziwa ya majirani kutoka Merigi nikiyapeleka kwenye hoteli za Kericho na Kapsoit. Pikapu hiyo ndiyo iliyomlipia dada yangu karo. Alikuwa kidato cha tatu.

Siku moja nikirudi kutoka Kapsoit, mvua ya mawe ikageuza lami kuwa nyeupe. Niliogopa, nikaegesha kando. Gari la mzee mmoja muuza ndizi wa Chepilat liliteleza likanigonga kwa nyuma, pikapu ikabingiria hadi kwenye mtaro wa shamba la majani chai. Mimi nilitoka na mkwaruzo wa kiwiko. Fundi wa bodi aliizunguka pikapu mara moja tu, akasema, "Hii uza kwa kilo."

Mzee alikubali makosa papo hapo. Tatizo lilikuwa bima yake, ile ndogo kabisa. Broka mmoja wa kesi, aliyekuwa akishinda nje ya mahakama Kericho, alinieleza huku akicheka.

"Msomi, hukufundishwa hii? Bima yake inalipa watu aliowaumiza. Mabati hayamo. Wewe unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi umwa! Shingo ndiyo nzuri, haionekani kwa picha. Shingo yako itamnunulia mama yako gari lingine."

Alinipa kola, akanijazisha fomu, akasema ataipeleka Jumatatu. Mama nilimwambia nimejaza fomu ya bima kwa ajili ya shingo; kwamba siumwi sikumwambia. Nilidhani nikiubeba uongo peke yangu utakuwa mwepesi.

Sikujua mama angewaambia wenzake wa kanisani. Jumamosi walijaa sebuleni, wakaniwekea mikono kichwani, wakamwomba Mungu anyooshe mifupa yangu. Mmoja alilia. Niliogopa maombi yale kuliko mahakama. Nilijiuliza, Mungu akiombwa aponye kisichougua, hufanya nini?

Kabla hawajaondoka, yule mzee akabisha hodi na mkungu wa ndizi begani. Alikaa pembeni mwa kiti, kofia magotini.

"Mama, nimekuja kuona kijana," alisema. Kisha akanigeukia. "Vidole unasikia? Miguu je?"

"Nasikia, mzee."

"Polisi wanasema kuumiza mtu ni kesi ingine. Wanaweza kunifunga." Akamgeukia mama tena. "Mama, pesa sina. Lakini nina majani chai. Chukueni bonasi yangu ya kiwandani, mwaka huu na ijayo, mpaka deni ya gari iishe. Tuandikishane kwa chifu."

"Mambo ya gari tutaongea," mama alimjibu. "Kwanza mtoto apone."

Nilianza kuhesabu, kama kawaida yangu. Bima ingelipa haraka, broka alisema. Bonasi ingekuja Oktoba, na dada angeweza kukaa nyumbani muhula mzima akiingoja. Vipi mvua ya mawe ikiyapiga majani yake pia? Mzee akifa je? Akibadili mawazo? Na nikisema ukweli, wanawake hawa watamtazama mama yangu vipi Jumapili? Lakini kila nilipofika mwisho wa hesabu, nilimkuta yule mzee gerezani kwa ajili ya shingo isiyo na kitu.

Nikafungua kola.

"Siumwi," nilisema. "Sijawahi kuumwa."

Mama mmoja wa kanisani akaanza, "Bwana asifiwe, amepo..." Mama yangu akamkatiza.

"Hajapona. Amesikia aibu." Aliniangalia. "Weri, kijana wangu, hiyo fomu iko wapi?"

"Kwa broka."

"Na unangoja nini?"

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa broka kabla hajafungua. Aliniita mjinga, akasema wasomi ndio watakaomaliza nchi hii kwa njaa, lakini fomu alinirudishia. Niliichana mbele yake. Alasiri tukakutana kwa chifu, mama, yule mzee na mimi. Chifu alituandikia karatasi: bonasi ya chai ya mzee iwe ya mama mpaka bei ya pikapu itimie. Bado niliogopa kwamba tumebadilisha gari kwa ahadi ya mtu tusiyemjua. Hata hivyo nilichukua kalamu, nikatia sahihi chini ya alama ya kidole gumba cha mama.