Vitesse ya Kwanza ya Mama Jokébed

Mume wangu Sadrack ni fundi wa magari hapa Butembo, na upole wake utaniua mimi kabla ya yeye. Nakaanga beignets, maandazi yetu ya hapa, mbele ya garage, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Mama Jokébed, ambaye tunasali naye kanisa moja na huuza vitenge huko Beni, alileta pick-up yake. Ukiweka vitesse ya kwanza, yaani gia, inasaga na kukataa. Ya kurudi nyuma ndiyo mbaya zaidi. Injini ikizimwa, zote zinaingia bila shida. Sadrack akasema boîte ya gia ni nzima, kosa ni la embrayage, ile klachi: ukikanyaga pedali, haiachii vizuri. Akabadilisha disque yake. Akaijaribu gari hadi barabara kuu na kurudi, kimya kabisa.

Kesho yake mama akarudi.

"Papa Sadrack, inalia bado! Ulitengeneza nini?"

Sadrack akaishusha boîte, akakagua jino kwa jino, akairudisha. Akajaribu: kimya. Baada ya siku mbili huyo tena, na makelele mpaka wateja wangu wakaacha kutafuna.

"Kama haujue kazi, sema tu! Nitaipeleka kwa fundi ya Beni, na nitaambia batu bote!"

Hapo nilishikwa na hasira kweli. Miaka kumi na minne mume wangu amelijenga jina lake, na mjini hapa jina likichafuka hakuna sabuni. Sadrack aliketi juu ya tairi, chakula hakugusa.

"Lakini kwa mikono yangu hailie," akasema. "Juu ya nini inalia kwake tu?"

"Panda naye," nikamwambia. "Aendeshe yeye."

Akapanda. Hawakumaliza mita kumi, ikasaga. Sadrack akainama kuangalia miguu ya mama. Chini ya pedali kulikuwa na zulia nene la manyoya, limekunjwa mara mbili ili matope yasiguse gari yake. Pedali ilikuwa inaishia njiani! Na huyu mume wangu, kila alipoanza kazi, alikuwa analitoa, analikung'uta, analiweka kando lisipate mafuta. Kazi ikiisha na gari ikishajaribiwa, analirudisha palepale. Wanasema heshima si utumwa. Waje waone kwangu. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Mama, ni hii tapis," akasema taratibu. "Uitoshe hapo chini, gari itakuwa muzuri."

"Tapis? Unanicheka?"

Lakini akalitoa. Vitesse ya kwanza ikaingia, naye akaondoka bila hata asante.

Jumapili kanisani alisimama kutoa ushuhuda.

"Bandugu, garage ya Papa Sadrack ilishindwa mara tatu. Njo Mungu akanionyesha mi mwenyewe: tosha tapis! Gari ikapona."

Kanisa zima likasema Amina. Mimi nikamgeukia mume wangu. Alikuwa amesimama, mikono juu, akisema Amina pamoja nao.